Kiti Kitupu

Jumanne, saa moja usiku, ghorofani kwa zimamoto:
tuko saba wa kujitolea, na chupa ya kahawa ya tangu mchana.
Nje, mto Waal umejifunika giza,
umelala upande wa pili wa tuta,
juu zaidi ya vitanda vyetu.

Hendrikje anaburuta kiti, anakiweka mbele.
Zamani alitangaza safari za treni; sauti yake bado ina ratiba.
"Huyu ni jirani yako," anasema.
"Viazi vyake viko motoni. Mweleze tuta linavyokufa.
Akinusa moshi, umeshamkosa."

Teunis ndiye wa kwanza.
Miaka ishirini na sita amelikagua tuta kwa tochi na fimbo,
kila fuko anamjua kwa shimo lake;
mbele ya kiti, ulimi ukamganda.
Kisha yakamdondoka, kama misumari kwenye mfuko uliotoboka:
upenyezaji, mgandamizo wa maji ardhini,
mmomonyoko wa kinyumenyume.
"Vimeungua," akasema Hendrikje, wala hakucheka.

Mimi nilikuja na slaidi arobaini na moja,
mishale myekundu, majedwali, hesabu zimejipanga.
Akachomoa waya.
"Umeme umekatika, mto umejaa. Haya, sema."
Nikasema aaa. Nikasema kwa hiyo.
Nikatazama viatu vyangu kana kwamba vimeandikwa kitu.
"Acha ulichosoma. Uliona nini?"

Niliona...
niliona, Januari ile, nyuma ya tuta, malishoni kwa akina Verhoef,
kijicho cha maji kikitokota majanini
taratibu, kama uji unapoanza kushika moto,
na mchanga ukikizunguka, punje juu ya punje,
mlima wa kutosha kuzika kidole.
Maji yalikuwa yamepita chini, chini kabisa ya tuta,
yakitoka na mchanga wake kidogokidogo,
yakijichimbia bomba gizani,
na juu yake kondoo wanakula, hawana habari.

Hendrikje hakusema kitu. Alinimiminia kahawa,
ile mbaya, hadi ukingoni.

Wiki sita.
Tulimweleza mtoto wa Sietske, wa miaka minane,
akatupigia miayo bila huruma.
Tulijifunza kunyamaza, tuhesabu hadi tano, kabla ya neno zito.
Na jioni moja nzima, toka kuvua makoti hadi kuyavaa,
tulifanya mazoezi ya neno moja: sijui.
Sijui, nitauliza. Sijui, nitakupigia kesho.
Marinus, mhandisi, lilimshinda kuliko sote.

Ukumbi wa kanisa, watu sitini, makoti yanatoa mvuke.
Teunis akasimama na sinia la mchanga,
mikono ikimtetemeka hadi punje zikaruka.
Hakuificha.
"Ukiona jicho la maji," alisema, "usilizibe.
Ukiliziba hapa, litatokea pale.
Lizungushie magunia, liache lijae,
mpaka maji yaliyomo yapate uzito
wa kuyazuia yanayokuja.
Lakini kwanza tazama rangi.
Yakiwa maangavu, tupigie asubuhi.
Yakiwa na mchanga, tupigie sasa hivi."

Mzee mmoja safu ya nyuma, mikono kaikunja kifuani,
akauliza: tuta letu litadumu miaka mingapi?
"Sijui," akasema Teunis.
Akanyamaza hadi tano.
Mikono ya mzee ikakunjuka.

Februari, saa kumi kasoro alfajiri, simu.
Bibi Wilmina, miaka themanini na minne,
yuko bustanini, koti juu ya gauni la kulalia.
Tulikwenda mbio.
Lilikuwa bomba lake mwenyewe, limepasuliwa na barafu.
Teunis akafunga koki, akamshukuru mara mbili.
Njiani kurudi, matope hadi magotini, hakusema lolote
mpaka darajani:

"Umemsikia kwenye simu?
Kabla hata ya jina lake,
alitutajia rangi."